Mfuko wa Taka wa Shilingi Kumi Unakugharimu Pesa Ngapi kwa Mwaka?

Kati ya vitu vyote unavyonunua dukani, mfuko wa taka ni wa ajabu kidogo. Unga unaununua ule. Sabuni unainunua ufue. Lakini mfuko wa taka unaununua ukijua kabisa kwamba safari yake ni moja tu, kutupwa. Na kwa sababu bei yake ni ndogo, hakuna mtu huuhesabu. "Niongezee na mfuko wa taka," unamwambia mwenye duka, unalipa kwa till pamoja na mkate na maziwa, na mambo yameisha.

Maoni yangu ni haya: familia nyingi hapa Timboroa hazihitaji mifuko mingi ya taka. Zinahitaji ndoo mbili.

Hebu tupige hesabu kwanza

Tuseme mfuko mmoja kwenye duka la karibu nawe ni shilingi 10, na nyumba yako inatumia mifuko mitatu kwa wiki. Hiyo ni shilingi 30 kwa wiki. Kwa wiki 52 za mwaka, umetumia shilingi 1,560. Kama duka lako linauza kwa bei tofauti, weka bei yako hapo, ila hesabu ni ile ile.

Sasa tuseme umepunguza hadi mfuko mmoja kila wiki mbili. Hiyo ni mifuko 26 kwa mwaka, yaani shilingi 260. Umebakisha shilingi 1,300. Si pesa ya kununua shamba, najua. Lakini ni pesa ambayo hukujua uko nayo, na hukuhitaji kuongezwa mshahara wala kuuza kondoo ili uipate.

Tulianzaje kununua mifuko hii?

Wengi tunakumbuka zamani. Ukinunua nyanya mbili unapewa karatasi ya nailoni. Ukinunua sukari, karatasi nyingine. Zilijaa nyuma ya mlango, na hizo ndizo tulizotilia taka. Zilionekana za bure, ingawa bei yake ilikuwa ndani ya bei ya bidhaa.

Halafu marufuku ikaja. Serikali ilitoa tangazo katika Gazeti Rasmi mwezi wa Februari 2017, na kuanzia tarehe 28 Agosti mwaka huo mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa ikapigwa marufuku nchini. Adhabu yake si mchezo: faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Tanzania nayo ikafuata tarehe 1 Juni 2019.

Kwa barabara zetu na mitaro yetu, hiyo ilikuwa hatua nzuri sana. Lakini nyumbani tabia haikubadilika. Tulizoea kwamba taka lazima iwe ndani ya mfuko, kwa hivyo karatasi za bure zilipoisha, tukaanza kununua.

Ndani ya mfuko kuna nini hasa?

Fungua mfuko wako kabla ya kuufunga leo jioni, uangalie. Hapa kwetu, kwenye urefu wa zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, chakula chetu kinajulikana: viazi, kabichi, karoti, njegere, sukuma. Kwa hivyo utakuta maganda ya viazi, majani ya nje ya kabichi, maganda ya njegere na majani ya chai. Na kwa sababu kuna baridi na jiko haliishi kuwaka, utakuta jivu.

Vyote hivyo vina maji au vina uzito. Maganda yenye maji ndiyo yanayopasua mfuko chini, mpaka unaweka mfuko wa pili juu ya wa kwanza. Ndiyo yanayonuka, mpaka unautupa kabla haujajaa. Na jivu likiwa na moto kidogo, mfuko unayeyuka. Ukitoa vitu hivyo, kinachobaki ni kikavu na chepesi: pakiti za biskuti, nepi za mtoto, betri, kikombe kilichovunjika. Hiyo inaweza kukaa wiki mbili bila harufu, isipokuwa nepi, ambazo zifungwe peke yake na zisikawizwe.

Sheria pia inasema utenganishe

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Kisha tarehe 8 Aprili 2024, NEMA ikatoa notisi ya siku 90: mifuko ya plastiki ya kawaida isitumiwe tena kutilia taka zinazooza, na badala yake itumike mifuko inayooza yenyewe kikamilifu.

Watu wengi wakisikia hivyo wanasema, "Sasa tumeongezewa gharama." Mimi naisoma tofauti. Kama taka zako zinazooza haziingii kwenye mfuko wowote, hauhitaji kununua wa plastiki wala huo wa bei ya juu. Ndoo yenye kifuniko inatosha. Hapa sheria na mfuko wako wa suruali vinakubaliana, na hilo si jambo la kila siku.

Ndoo mbili, na jinsi ya kuzitumia

Usiende kununua ndoo mpya. Ndoo ya rangi iliyobaki kwa fundi, au mtungi wa mafuta ya kupika uliokatwa juu, unafaa.

Ndoo ya kwanza ni ya vitu vinavyooza. Tandika gazeti chini au pakiti ya unga iliyopasuliwa, ile ya karatasi. Kila jioni au kila siku mbili, mwaga. Ukiwa na ng'ombe, kondoo au kuku, mabaki mazuri ni yao. Yanayobaki yaende kwenye shimo au rundo la mbolea.

Ndoo ya pili ni ya vitu vikavu. Chupa za plastiki na vyuma weka kando. Wanunuzi wa skrepa na wa plastiki hupita, na mtu akikulipa hata shilingi chache kwa kitu ulichokuwa unalipa kukitupa, umefaidika mara mbili.

Lakini kuna mambo manne ya kuangalia:

Moja, viazi vilivyogeuka rangi ya kijani au vilivyochipuka, pamoja na maganda yake, usiwape mifugo. Vina sumu.

Mbili, viazi vilivyooza visirudi kwenye shamba la viazi. Mnyauko wa bakteria husafiri kupitia viazi vilivyoambukizwa, na wakulima wa huku wanajua hasara yake. Vizike mbali na shamba.

Tatu, jivu liache lipoe kabisa usiku mzima kwenye chombo cha chuma, nje ya nyumba. Jivu la kuni na makaa ni zuri kwa sukuma na kabichi, kwa sababu linapunguza uchachu wa udongo. Kwenye viazi usizidishe. Udongo ukipoteza uchachu sana, upele wa viazi hupenda hapo.

Nne, baridi yetu huchelewesha mbolea kuiva. Funika rundo kwa gunia kuukuu, ligeuze mara kwa mara, changanya na samadi. Itaiva tu, ila usitarajie kasi ya mtu wa Kisumu.

Mfuko wa shilingi 10 na ng'ombe wa maziwa

Sasa nije kwa jambo linaloniuma zaidi. Ukitembea kando ya barabara kuu ya Nakuru–Eldoret utaona ng'ombe na kondoo wakila nyasi za pembeni. Na mara nyingi utaona pia mfuko wa taka uliopasuka hapo hapo. Mfuko ukinuka maganda ya viazi na kabichi, ng'ombe hajui kutenganisha. Anameza vyote.

Plastiki haisagiki tumboni mwa ng'ombe. Inakaa, inajikunja, inazuia chakula kupita. Mnyama anakonda huku amejaa, maziwa yanapungua, na wakati mwingine anakufa. Waulize wachinjaji na madaktari wa mifugo wanachokikuta tumboni.

Kwa familia nyingi hapa, ng'ombe ndiye akaunti ya akiba. Ndiye karo ya muhula ujao. Kwa hivyo mtu anayetupa mfuko wa shilingi 10 barabarani usiku anaweza kumfilisi jirani yake bila kumgusa mfukoni. Taka zinazooza zikibaki nyumbani, mfuko hauna harufu ya chakula, na mnyama hana sababu ya kuusogelea.

Na wale wanaochoma? Tafadhali, si plastiki. Najua asubuhi ya Timboroa ilivyo, na najua kipande cha plastiki huwasha makaa haraka. Lakini moshi wake una sumu, na sisi kwa ajili ya baridi tunafunga madirisha. Mtoto ndiye anaupumua. Pesa uliyookoa kwa kiberiti utaipeleka kwa daktari.

"Mimi nimepanga chumba, sina shamba"

Hoja hii ni ya haki. Anayeishi kwenye ploti pale senta hana mahali pa rundo la mbolea. Lakini huyo ndiye anayeweza kuokoa zaidi, kama hatafanya peke yake.

Chukua ploti ya nyumba nane. Kila nyumba ikibakisha zile shilingi 1,300 za mfano wetu, ni shilingi 10,400 kwa mwaka. Nyumba nane zinaweza kuwa na pipa moja la maganda, na mfugaji wa karibu akaja kulichukua, maana kwake ni chakula cha mifugo na mbolea. Taka kavu za nyumba zote zitiwe kwenye gunia moja kubwa, lile la viazi lililochakaa, badala ya vimifuko vinane.

Mkichangia kumlipa anayezoa taka, lipeni kwa till au kwa nambari ya kikundi, na mthibitishe jina kabla ya kuweka PIN. Hapo kila mpangaji anabaki na ujumbe wa malipo, na hakuna ugomvi wa "mimi nililipa, yule hakulipa".

Nusu ya taka huanzia dukani

Tusilaumu mfuko peke yake. Ukinunua sabuni ya unga kwa kipakiti cha shilingi 10 kila siku, kwa mwezi ni shilingi 300 na vipakiti 30 vya kutupa. Linganisha na bei ya pakiti ya kilo moja. Mara nyingi kadogo ndiyo ghali, ila inajificha kwa sababu inakuja kidogo kidogo. Beba chupa yako ukienda kununua mafuta ya kupimiwa au maziwa. Beba kikapu ukienda kwa mama mboga.

Tatizo ni kwamba kununua kwa wingi kunahitaji pesa ya pamoja, na wengi hatuna siku hiyo. Hapo ndipo simu yako inafaa.

Fanya hivi kwa mwezi mmoja

Kwanza, omba taarifa ya matumizi ya akaunti yako ya mwezi uliopita, uangalie malipo madogo madogo ya dukani. Usijihukumu, angalia tu.

Pili, kila Jumapili hamisha kile ambacho hukutumia kwa mifuko, hata kama ni shilingi 20, kwenda akiba yako ya simu. Soma ujumbe wa ada kabla ya kuthibitisha. Kama kuna ada kwa kila muamala, hamisha mara moja kwa mwezi badala ya mara nne.

Tatu, ipe pesa hiyo kazi: pakiti kubwa ya sabuni, au daftari za muhula ujao. Pesa isiyo na kazi huishia kwa mandazi.

Na kuna taka moja ambayo haifai kwenda kwa ndoo yoyote ikiwa nzima: ile kadi ya plastiki iliyobeba laini yako mpya, yenye nambari ya PUK. Itunze mahali salama. Nakala za kitambulisho usizozihitaji, zichane vipande vidogo kabla ya kuzitupa. Tapeli haoni aibu kupekua pipa.

Na kaunti je?

Wengine watasema kazi ya taka ni ya serikali ya kaunti. Ni kweli. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti jukumu la kuondoa taka, na tuendelee kuidai huduma hiyo bila kuchoka, iwe uko upande wa Uasin Gishu au upande wa Baringo. Lakini lori la kaunti likija leo au lisipokuja, pesa inayonunua mifuko bado inatoka kwako.

Basi leo jioni, ukimaliza kumenya viazi, usiyaweke maganda kwenye mfuko. Yatie kwenye ndoo, uone mfuko ule wa jana utakaa siku ngapi. Hesabu siku hizo. Hizo ndizo shilingi zako.