Kabla ya kubonyeza kozi ya ufundi, tembea Light Industries kwanza

Unajua vile saiba za Kariobangi hujaa KUCCPS ikifungua tovuti yake. Foleni inafika nje kwa muuza mayai. Mwenye saiba anakuuliza nambari yako ya mtihani, anaingia kwa niaba yako, halafu anakugeukia: "Kozi gani?" Nyuma yako kuna watu wanane wanasukumana. Unataja kozi ambayo msee wa mbele yako alitaja, unalipa, unatoka. Dakika tano hivi. Miaka miwili ya maisha yako na pesa za mathe zimeshaamuliwa.

Hatukulaumu. Kazi ya kumwelekeza kijana achague kozi imehamia kwenye simu na kompyuta haraka sana, na hakuna aliyekaa nawe akakuonyesha jinsi ya kuitumia. Shuleni mwalimu wa ushauri mara nyingi ndiye huyo huyo mwalimu wa hesabu, na darasa lake limejaa hadi dirishani. Akikwambia "fanya unachopenda," hapo ameshamaliza, ana vitabu vya kusahihisha.

Na hili si jambo la watu wachache. KCSE ya 2024 ilifanywa na watahiniwa wapatao 960,000. Waliopata C+ kwenda juu, ambayo ndiyo alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya laki saba walihitaji njia nyingine. Kwenye vyuo vya kiufundi, C- inakuingiza diploma, D inakuingiza kozi ya cheti, na ngazi ya artisani haikuulizi gredi sana. Yaani hata ukiwa na E, kuna mahali pako kwenye orodha. Ndugu yako mdogo naye ameanza mapema kukuliko. Mwaka 2025 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya, wakiwa Gredi ya 9, walichagua shule na mkondo mtandaoni: STEM, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Ni watoto wa miaka kumi na minne, kumi na mitano hivi.

Tusiseme kwamba tovuti hizi hazina kazi. Ukiwa umekaa kejani hapa Kariobangi South, unaweza kuona kozi zilizoko Kabete National Polytechnic au kule Mombasa bila kulipa nauli. Unaweza kuangalia kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya kusimamia vyuo vya kiufundi iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Unaweza kuomba mkopo wa HELB, ambao siku hizi unawafikia pia wanafunzi wa vyuo vya kiufundi vya umma, jambo ambalo wazazi wengi bado hawalijui. Zamani habari hizi zilikaa kwa mwalimu mkuu, kwa gazeti, na kwa mjomba anayejuana na mtu. Kama hukuwa na mjomba wa aina hiyo, ulikuwa umekwama.

Shida ni kitu ambacho skrini haionyeshi. Tovuti inakwambia jina la kozi, muda wake, gredi na karo. Majukwaa kama Fuzu na BrighterMonday yanakuonyesha kazi zilizotangazwa. Sasa jiulize: ni lini umewahi kuona fundi wa Kariobangi Light Industries ametangaza kazi mtandaoni? Akitaka mtu wa kumsaidia anamwambia jirani, au anamwita kijana aliyekuwa akipita hapo kila siku akiuliza kibarua. Ripoti za uchumi za KNBS zimesema mwaka baada ya mwaka kwamba, ukiwaacha wakulima wadogo, zaidi ya watu 80 kati ya kila 100 wenye kazi nchini wako kwenye sekta isiyo rasmi. Kwa hivyo mwongozo wa kazi uliojengwa juu ya kazi zinazotangazwa unakuelekeza kwa ile sehemu ndogo, halafu unanyamaza kuhusu sehemu kubwa ambayo huenda ndiyo itakulisha.

Na sehemu hiyo kubwa iko hapa hapa. Toka barabarani uingie ndani ya Light Industries utaona mabati yakikunjwa, sufuria zikisubiriwa zipoe, milango na mageti yakichomelewa, bodi za magari zikinyooshwa na kupulizwa rangi, skrepu ikipimwa kwa mizani, plastiki ya taka ikisagwa ili iuzwe upya. Kelele tu. Watu wengi wa mtaa hupita hapo wakiziba masikio, wakielekea saiba kutafuta kozi.

Hebu chukua mfano wa stima, kwa sababu ni kozi inayopendwa sana. Tuseme umeichagua kwa kuwa jina lake ni zito na rafiki yako ameichagua. Unasoma jinsi ya kuweka nyaya kwenye nyumba, unapata cheti, unarudi mtaani. Hapo ndipo unapogundua mambo mawili ambayo hakuna skrini iliyokwambia. La kwanza, kufanya kazi ya nyaya za jengo kisheria unahitaji leseni ya EPRA, na leseni hizo zina madaraja yake, kila daraja na masharti yake. Cheti cha chuo peke yake hakitoshi. La pili, wenye mashine za kusaga plastiki pale Light Industries wanahangaika na mota zinazoungua. Wanatafuta mtu wa kufungua mota, kutoa waya ulioungua na kuizungusha upya ile koili. Ni kazi ya stima hiyo, lakini si stima uliyofikiria, na pengine kozi yako iliigusa wiki moja tu. Ungejua mapema, ungemuuliza mwalimu siku ya kwanza.

Tunajua kuna atakayesema habari za kazi hazibadilishi chochote, kwamba kijana atafuata marafiki zake tu. Hapana. Kuanzia mwaka 2008, watafiti akiwemo Michael Kremer, ambaye baadaye mwaka 2019 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi, walifanya utafiti magharibi mwa Kenya na vijana zaidi ya 2,000 waliotaka kujiunga na mafunzo ya ufundi. Baadhi yao walichaguliwa kwa bahati nasibu wakapewa vocha ya kulipia karo. Na kabla ya kuchagua kozi, kundi jingine lililochaguliwa vivyo hivyo lilipewa habari kuhusu mapato ya kazi mbalimbali, kwa mfano tofauti kati ya anachopata msusi na anachopata makanika, na wasichana wakaonyeshwa video ya wanawake ambao ni makanika. Ni habari tu, hakuna pesa ya ziada. Wasichana walioelezwa hivyo walipendelea zaidi kozi zilizoitwa za wanaume, na baadhi yao wakajiunga nazo kweli. Hawakubadilika wote, na hatusemi kila msichana aache ususi ashike spana. Kuna wasusi Kariobangi wanaolipa kodi za nyumba mbili. Tunachosema ni kwamba msichana anayechagua bila kuambiwa hizo namba hajachagua. Amefuata tu mlango uliokuwa wazi.

Sasa ukiuliza tovuti zetu leo, fundi wa kuchomelea wa kiwango cha kwanza anapata ngapi kwa siku Nairobi, hupati jibu la maana. Ukiuliza ni karakana ngapi za Eastlands zinapokea wanafunzi wa mafunzo ya kazini, hupati. Ukiuliza ni asilimia ngapi ya waliomaliza kozi fulani katika chuo fulani wako kazini mwaka mmoja baadaye, utaambiwa upige simu ofisini. Hapa ndipo tunapotaka KUCCPS, TVETA na Serikali ya Kaunti ya Nairobi wafanye kazi. Usisahau kwamba Katiba ya 2010 iliwapa kaunti vyuo vya ufundi vya mitaani, vile vilivyoitwa village polytechnic, huku vyuo vikubwa vya kitaifa vikibaki kwa Wizara ya Elimu. Ndiyo maana chuo kilicho karibu na kwenu kinaweza kuwa chini ya ofisi tofauti kabisa na ile inayoendesha tovuti uliyofungua. Kwa mtoto wa Korogocho ambaye hana nauli ya kwenda Kabete kila siku, chuo hicho cha karibu huenda ndicho pekee kinachowezekana. Awekwe wapi kwenye orodha? Ofisi hizi mbili zikae zielewane, zitoe orodha moja, na ifunguke hata kwa simu ya mulika mwizi. Si kila mtu ana bando.

Pia watumwe watu Light Industries na Kamukunji na Gikomba wakaandike. Vijana wenyewe wanaweza kulipwa wafanye kazi hiyo: kupita karakana hadi karakana, kuuliza mafundi wanahitaji ujuzi gani, wanalipa vipi, wanachukua wanafunzi wangapi. Itakuwa aibu kama nchi hii itashindwa kuhesabu juakali yake. Ripoti ya ILO iliyofanya dunia nzima ianze kuzungumzia sekta isiyo rasmi iliandikwa kuhusu Kenya, mwaka 1972.

Tukingoja hayo, wewe una mwezi wa kuchagua, na mzazi anataka jibu.

Anza na chuo kabla ya kozi. Kuna vyuo vya ghorofani, juu ya duka la viatu, vyenye bango kubwa na picha ya mtu amevaa kofia ya mjengo, na ndani hakuna hata meza ya kufanyia kazi. Tafuta jina lake kwenye orodha ya TVETA. Halafu uliza ni nani anatahini: KNEC, TVET CDACC, au NITA? Wakikujibu "cheti chetu kinatambulika kimataifa" bila kutaja mtahini, shika njia. Omba kuona karakana yenyewe. Kozi ya magari isiyo na gari hata moja lililofunguliwa ni kozi ya kuandika notisi. Na zile jumbe za WhatsApp zinazokwambia utume elfu mbili za fomu kisha upelekwe Kanada kuwa fundi, unazijua. Usitume.

Kama tayari uko kazini, yaani umekuwa ukimsaidia fundi kwa miaka mitatu na una mikono lakini huna karatasi, usikimbilie kuanza upya darasani. NITA, ambayo ofisi zake ziko Industrial Area, hutoa majaribio ya ufundi kwa Gredi III, II na I, na fundi wa juakali anaweza kujiandikisha akapimwa. Kuna pia mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, unaohusisha mamlaka ya kitaifa ya vyeti, KNQA. Tunasikitika kwamba habari hii haitajwi kabisa katika mazungumzo mengi ya "chagua kozi", kana kwamba kila kijana wa Kariobangi ametoka tu shuleni jana. Wengi wenu mlianza kushika nyundo mkiwa darasa la saba.

Halafu, kabla hujarudi saiba, tembea. Chagua kozi mbili unazofikiria na utafute mafundi wawili wa kila moja pale Light Industries. Usimwendee fundi na swali kubwa la maisha, atakucheka. Mwulize mambo madogo: mwezi uliopita ulikuwa na kazi siku ngapi? Kifaa gani ulinunua kwanza, na kilikugharimu ngapi? Ni kazi gani unazikataa kwa sababu huna anayeijua? Umri huu wako, mgongo na macho viko vipi? Fundi wa kuchomelea aliyefanya kazi miaka ishirini bila miwani ya kinga atakujibu hilo la mwisho hata kabla hujamaliza kuuliza. Kama ana roho nzuri, mwombe akuruhusu ukae naye siku tatu bila malipo, uoshe vifaa, ubebe mabati. Siku ya tatu ikifika na bado unataka kurudi ya nne, hiyo ni habari ambayo hakuna tovuti ingekupa. Na kama kufikia saa sita ya siku ya kwanza umeanza kutafuta kisingizio, umeokoa karo ya mwaka mzima.

Ukienda, msalimie fundi kwa heshima na umngoje amalize anachofanya, hasa akiwa ameshika moto. Usiende Jumamosi jioni, wakati huo watu wanagawana pesa ya wiki na hakuna atakayekusikiliza. Asubuhi kabla magari hayajaanza kuletwa ndio wakati mzuri, chai ikiwa bado iko kwenye kikombe. Beba daftari. Majibu uliyoandika ndiyo utakayoyaweka mezani mwenye saiba atakapokugeukia tena na kuuliza, "Kozi gani?"