Land Rover Kuukuu: Anzia Chini
Anayenunua Land Rover 109 ya zamani ili aifufue uani kwake kwa fedha za kuungaunga, mara nyingi hukimbilia rangi, na fedha huishia hapo. Ni kosa, kwa sababu gari hili linadanganya macho. Land Rover ya kwanza ilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo bodi ikaundwa kwa alumini, ambayo haioti kutu kama chuma. Chesisi lakini ni ya chuma, tena ina uwazi ndani. Maji na tope vikituama humo, inaoza kimyakimya huku nje ikionekana nzima. Watu wa Tanga na Mombasa, penye hewa ya chumvi, hawahitaji kuelezwa. Nafuu ni kwamba sehemu nyingi zimefungwa kwa nati na bolti, kwa hiyo mwenye spana nzuri anaweza kufungua madigadi na milango mwenyewe, na kabureta ataisafisha Jumamosi moja. (Majirani watauliza gari litatembea lini, usiwape tarehe.) Kuchomelea chesisi na kufufua breki ni kazi ya fundi mzoefu, na hapo usibane mkono hata kidogo. Basi kabla hujamlipa muuzaji, ingia uvunguni na nyundo ndogo, ugonge chesisi mbele hadi nyuma. Ikilia kama debe lililooza, mshukuru, ukatafute nyingine.