Ukipokea Kiingilio Umepokea Dhamana

Siku ya Idd el Fitri, tarehe 1 Oktoba, 2008, watoto wapatao 20 walipoteza maisha katika ukumbi wa dansi mjini Tabora. Ukumbi ulijaa kupita kiasi, hewa ikawa haba. Wasomaji wetu wa Visiwani, ambao kila Idd huwapeleka watoto wao Mnazi Mmoja na viwanja vingine vya sikukuu, hawahitaji kuelezwa uchungu wa msiba huo.

Twaukumbusha leo si kwa kutonesha kidonda, bali kwa kuwa somo lake halijafika kila mahali. Tuchukue mfano wa Lipangalala, mjini Ifakara, katika bonde la Kilombero. Mwananchi akiisha kuuza mpunga wake hulipa kiingilio kwenye banda la video au ukumbi wa muziki, akapumzika. Benchi likivunjika, waya wa umeme ulio wazi ukamnasa, au mlango wa pekee ukazibwa na umati, nani atajibu? Mara nyingi husemwa tu kwamba ajali haina kinga. Mwenye banda huleta pole, majeruhi hutibiwa kwa gharama ya jamaa zake, na shauri huishia hapo.

Sisi hatukubaliani na jambo hilo. Ajali haina kinga, lakini uzembe una mwenyewe.

Sheria nayo haikunyamaza. Mahakama za Tanzania Bara, pamoja na kufuata sheria zilizotungwa nchini, hutumia kanuni za mahakama za Uingereza zilizopokelewa kwa kipimo cha tarehe 22 Julai, 1920. Mojawapo ilitokana na shauri la mwaka 1866, la fundi wa gesi aliyetumbukia katika shimo lisilo na uzio ndani ya kiwanda cha kusafisha sukari. Iliamuliwa kwamba mtu aingiaye mahali kwa shughuli yenye faida kwa mwenye mahali hapo anastahili kulindwa na hatari isiyo ya kawaida, ambayo mwenyewe anaijua au alipaswa kuijua. Aliyelipa kiingilio ni mtu wa namna hiyo hasa.

Lakini kanuni iliyojificha katika vitabu vya mawakili haimfai mkulima. Uingereza yenyewe ilitunga sheria mpya juu ya jambo hili mwaka 1957, na jirani zetu wa Kenya wanayo sheria yao. Hiyo ya 1957 haikuingia katika urithi wetu, maana ilikuja baada ya 1920. Twaishauri Serikali itunge sheria fupi, kwa Kiswahili, itakayotaja wazi wajibu wa mwenye ukumbi, na itakayosema kwamba kibao cha "Hatuhusiki na madhara yo yote" hakimwondolei mtu dhima ya kifo au kilema cha mteja wake. Zanzibar, yenye Baraza lake la Wawakilishi, inaweza kufanya vivyo hivyo.

Wapo watakaosema kwamba masharti yatafunga vibanda vya wanyonge. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mlango wa pili, benchi imara na kuhesabu watu waingiao si mambo ya matajiri peke yao. Asiyeweza kuongeza milango na apunguze watu.

Wakati sheria hiyo ikingojewa, zilizopo zitumike. Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na ile ya Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007. Ofisa atoaye leseni aende kwanza akaione milango kwa macho yake, ndipo atie sahihi. Leseni iliyotolewa mezani ni shahidi wa uongo.

Mwananchi naye ajue haki yake. Aliyeumia Bara ahifadhi karatasi za hospitali na majina ya mashahidi, wala asichelewe, kwani kwa Sheria ya Ukomo wa Madai ya mwaka 1971, dai la madhara ya namna hii lina muda wa miaka mitatu.

Rambirambi ni utu, nasi hatuzipingi. Lakini rambirambi hutolewa kwa hiari, na fidia ni haki. Mwenye ukumbi asiruhusiwe kulipa ya kwanza ili aikwepe ya pili.