Mashua ya Aluminiamu na Mashine Yake

Samaki aitwaye bass, aliyetiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929, asili yake ni Marekani, na huko ndiko ilikobuniwa mashua ya kumvulia. Mwaka 1978 Johnny Morris wa Missouri alianza kuuza mashua ya aluminiamu pamoja na mashine na gari lake la kukokotwa, kwa bei moja. Wanunuzi wengi hutazama rangi kwanza, na hapo ndipo wapoteapo.

Mwenye busara hutafuta kibao. Mashua ya Marekani iliyo chini ya futi 20 hubandikwa kibao kionyeshacho uzito na nguvu za farasi zisizopasa kuzidishwa. Hicho si pambo. Mashine kubwa mno huzamisha tezi na kuinua omo. Mwendeshaji akikata kona ghafula, mashua yaweza kupinduka na kumwaga watoto wake majini.

Kisha na apime ubao wa tezi. Wa inchi 15 hutaka mashine ya mguu mfupi. Wa inchi 20, mguu mrefu. Mguu ukipungua, rafadha hunyonya hewa, na mashine hunguruma bure.

Aluminiamu haiozi kama mbao, ila maji ya chumvi huila. Mashua ya ribiti ni nafuu, lakini ribiti hulegea. Anunuaye iliyokwisha tumika na aitie maji kidogo ingali juu ya gari lake, kisha achungulie chini: panapodondoka tone ndipo pa kuanzia kujadili bei.