Si Fedha Yako, Ndugu Mwajiri

Mwandishi mmoja ametuambia kwamba kodi ya mshahara, PAYE, inawaua waajiri wadogo wa Bariadi. Naomba tufungue daftari.

Chukua duka la pembejeo lenye msaidizi mmoja wa shilingi 250,000 kwa mwezi. PAYE yake ni sifuri, kwa sababu kodi huanza juu ya 270,000. Mpandishe hadi 400,000. Toa 40,000 za mchango wake wa hifadhi ya jamii, NSSF, zinabaki 360,000. Asilimia 8 ya ile 90,000 inayozidi ni shilingi 7,200. Hizo zinatoka kwa mfanyakazi. Mwajiri ni mshika mfuko tu, anayepaswa kuufikisha Mamlaka ya Mapato, TRA, ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata.

Anayelia kwamba anakamuliwa mara nyingi alishampa kijana 400,000 zote mkononi, bila hati ya mshahara, na sasa deni limemwangukia. Sheria inamdai yeye.

Tozo ya ufundi stadi, SDL, ndiyo hasa humtoka mwajiri mfukoni. Lakini tangu 2021 haimgusi mwenye wafanyakazi chini ya 10, na maduka mangapi ya Bariadi yanafika huko?

Nakubaliana na mwandishi huyo kwa jambo moja: katika mkoa wa pamba fedha huja kwa msimu, tarehe 7 huja kila mwezi. Hapo angejenga hoja. Badala yake ametetea waajiri wanaokata kodi kwa watu wao, kisha wanaiongeza kwenye mtaji wa kununulia pamba.