Hodi kwa Mwenye Bunduki

Wajerumani walipoijia dhahabu ya Sekenke hawakupiga hodi. Serikali ya wananchi yapasa ipige. Mkulima wa huko mwenye gobore na leseni yake hakuufanya mlango wake kuwa wa kila askari. Katiba, tangu ilipotiwa haki za binadamu mwaka 1984, yahifadhi maskani ya kila mtu. Haikumtenga mwenye silaha.

Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 yamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa idhini ya upekuzi. Basi ashukuye ndiye aidhinishaye! Watasema silaha haramu haimngoji hakimu. Kweli, dharura ina njia yake katika sheria. Pasipo dharura, idhini na itoke kwa hakimu. Leseni ni ya bunduki, si ya kuingilia nyumba.