Kwani lazima kuwe na msiba?

Mwambie Mtanzania kwamba kesho unasafiri, uone swali lake la kwanza. "Kuna nini?" Sisi hatusafiri, tunaitwa. Tunaitwa na msiba, na harusi, na kikao cha ukoo, na kazi. Ndugu zetu wa Kilimanjaro wanaitwa na Desemba. Nje ya hapo, kubeba hema na kwenda porini kulala tunaona ni mambo ya wazungu. Mimi nasema mtazamo huu unatugharimu, na kinachopotea si starehe peke yake.

Fikiria kizazi cha wazazi wetu. Wengi hawakuwahi kuwa watalii hata siku moja, lakini nchi waliijua. Mtoto wa Bukoba alipangiwa sekondari Tabora, akapitia JKT Ruvu, kazi ya kwanza akapelekwa Songea, pengine akaoa huko huko. Serikali ndiyo iliyowazungusha. Mwaka 1994 JKT ya lazima kwa wahitimu wa kidato cha sita ilisimamishwa, na hata iliporudishwa mwaka 2013 si kila mhitimu aliyepata nafasi ya kwenda. Leo unaweza kuzaliwa Temeke, ukasoma shule za Dar, ukaingia chuo Mlimani, ukaajiriwa Posta, na ukafikisha miaka thelathini nchi yako ukiijua kwa picha za kalenda. Hakuna tena wa kutuzungusha. Itabidi tujizungushe wenyewe.

Mwezi uliopita washikaji wanne tulifanya hivyo. Wazo lilizaliwa Alhamisi usiku kijiweni, Ijumaa jioni tukawa barabarani. Nasisitiza hiyo ghafla kwa sababu ndiyo iliyotuokoa. Tungeunda kamati, leo tungekuwa bado tunamchagua mweka hazina. Mnaijua hadithi: linafunguliwa grupu la WhatsApp, watu kumi na tano wanajiunga, tarehe inasogezwa hadi baada ya Pasaka, halafu kimya.

Tulilala Morogoro, alfajiri tukakatiza Mikumi, na pale mjini Mikumi tukaiacha barabara ya Iringa tukashika kushoto kuelekea Kidatu, katikati ya mashamba ya miwa, hadi Mang'ula. Hapo ndipo lilipo lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Ni kilomita za mraba 1,990 na hakuna barabara ya gari inayoikatiza. Ukitaka kuiona, unatembea. Tukapiga kambi, tukapika ugali na dagaa, na Jumapili asubuhi tukapanda na mwongozaji hadi maporomoko ya Sanje, ambako maji yanashuka kwa vipande vitatu, jumla kama mita 170. Ukisimama juu unaliona bonde la Kilombero lote limelala chini yako. Sitawaeleza zaidi, nendeni mkaone.

Ninachotaka kueleza ni mazungumzo ya kijijini. Tulipomwamkia mzee mmoja kando ya njia, aliitikia marahaba, akatazama mabegi yetu ya mgongoni, akauliza, "Wanangu, ninyi ni wa mradi gani?" Tukamwambia hatuna mradi, mzee, tunatembea tu. Akafikiri kidogo. "Na gari mnalo?" Ndiyo, lipo getini. "Gari mnalo, halafu mnatembea?" Tukacheka wote, lakini swali lake la kwanza nimerudi nalo mjini. Kijana wa Dar mwenye begi mgongoni anajulikana kijijini kwa jambo moja tu: amekuja kufanya utafiti au semina. Kwamba amekuja kwa sababu ni kwao, hilo halimjii mtu akilini.

Na kuna mambo usiyoyapata ukiwa umekaa Dar. Mwaka 1979 wanasayansi walimtambua katika msitu huu nyani ambaye hapatikani nje ya Milima ya Udzungwa. Vitabu vikaandika amegunduliwa. Wenyeji walikuwa wakimwita kwa jina lake siku zote. Mito inayoshuka milimani hapa inaingia katika bonde la Rufiji, lilipo Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Yaani taa unayosomea usiku ina uhusiano na msitu huu, hata kama hujawahi kusikia jina lake. Sasa ongeza na hili: zamani akina mama wa vijiji vya jirani waliruhusiwa kuingia hifadhini kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikaondolewa ili msitu upone. Sisemi uamuzi ulikuwa mbaya. Nasema kuna mtu anayelipa gharama ya maji na umeme wetu kwa kutembea mbali zaidi kutafuta kuni, na sisi tunaofaidika hatujui kama yupo. Mambo haya yameandikwa kwenye ripoti, sawa, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuitafuta ripoti hiyo kabla hajauona mlima?

Najua majibu yenu. La kwanza ni pesa. Sitanii, maisha ni magumu. Lakini mafuta tuligawana wanne, chakula tulipika wenyewe, hema tuliazima, na kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi, tena ni sehemu ndogo tu ya zile dola anazotozwa mgeni. Mgao wangu haukuzidi mchango wa kadi ya watu wawili kwenye harusi ya mjini. Na harusi hizo tunachangia kila mwezi, nyingine za watu tusiowajua vizuri.

La pili ni usalama. Safari ya ghafla haina maana ya safari ya kipuuzi. Kagua tairi, usikatize Mikumi usiku, mwambie mtu nyumbani unakwenda wapi, lipia mwongozaji, na masika uiache ipite.

La tatu ndilo gumu zaidi. Mwenzetu wa kike ilibidi aeleze nyumbani mara tatu anakwenda wapi na nani, ilhali sisi wanaume hakuna aliyetuuliza hata mara moja. Binti akisafiri bila msiba wala harusi, watu wanajijazia sababu yao. Hilo halitakwisha kwa hotuba. Litapungua siku mabinti wengi watakapokwenda, wakarudi na picha za maporomoko na matope kwenye viatu, na mama zao wakaanza kuuliza, "Safari ijayo ni wapi?"

Mwaka 2022 filamu ya Royal Tour ya kuitangaza nchi yetu ilizinduliwa New York kwanza, ndipo ikaja Arusha. Sina ugomvi na hilo, dola zinahitajika. Lakini mgeni akishaona anapanda ndege anarudi kwao. Anayebaki kupiga kura, kulipa kodi, kuandika magazetini na kuamua msitu upi ukatwe na upi ubaki ni mimi na wewe. Tutaamuaje juu ya mahali tusipowahi kukanyaga?

Kwa hiyo mdau, Ijumaa hii usisubiri simu ya msiba. Tafuta watu watatu, azima hema, chagua mlima. Ukiulizwa kuna nini, jibu kwamba kuna nchi.

Nawasilisha.